Chakula cha Malaika Hakitiwi Chumvi

Mpaka leo, kuku aliyechemshwa bila chumvi akipitishwa karibu na pua yangu, mate yananijaa mdomoni, na siyo mate ya hamu. Mwezi uliopita tulikuwa Utemini kumzika Mama Yustina, na wale vijana waliopewa kazi ya kupika wakasahau chumvi kwenye sufuria moja. Siwalaumu sana, mtu anakoroga sufuria la msiba mzima huku jicho liko kwenye simu. Waombolezaji walinung'unika kidogo, chumvi ikaletwa kwenye kisosi, wakanyunyiza, wakaendelea kula kama watu. Mimi niliinuka na kitenge changu, nikaenda nyuma ya choo, nikatapika mbele ya bata wawili. Binti mmoja akanifuata na kopo la maji. "Shikamoo bibi. Pole. Ni presha?" Nikamwambia marahaba mwanangu, ndiyo, ni presha. Ningemwambiaje mtoto wa watu kwamba ni malaika?

Na kabla ya hapo, makaburini, kiongozi wa ibada alikuwa ameshanichefua. Alisema marehemu ameondoka akiwa amekula chumvi nyingi, nikasema moyoni, nyingi kuliko aliyowapa wengine. Halafu akasema, "Huyu ndiye mama aliyewalisha malaika wa Bwana kwa mikono yake pale Itigi, na malaika wakala." Watu wakaitikia amina. Amina kubwa kuliko zote ilitoka upande wa wanawake, kwenye kiti cha plastiki, kwa mwanamke wa rika langu aliyelaza magongo yake mawili chini, na gauni lake limekunjwa na kubanwa kwa pini pale ulipokuwa mguu wa kushoto. Huyo ni Agnesi. Hatukuwa tumeonana tangu usichana. Alipogeuka akaniona, alicheka kwa furaha ya kweli, akanipungia mkono. Ile amina na lile cheko ndivyo vilivyonipeleka dukani kununua daftari hili.

Niseme jambo moja kwanza ili mapadre na watoto wangu wasinisumbue. Sina ugomvi na malaika. Kila asubuhi, kabla sijatafuta kandambili, naongea na yule niliyepewa siku ya ubatizo, namwambia leo tunakwenda wapi, namwomba asinisahau kwenye lami maana bodaboda hizi zinaua. Kanisa limetufundisha hivyo na mimi sioni ubaya. Ninachokichukia ni sahani. Malaika ukimwomba, umemheshimu. Ukimwekea sahani sakafuni na kufunga mlango ili arudi kesho, umeshamfanya paka.

Nilikotoka na jinsi nilivyofika Itigi ni habari nyingine na haina utamu. Chukua tu kwamba nilikuwa na miaka kumi na nane, au kumi na tisa, shule nimeiacha darasa la tatu, na mwaka ule mvua ilinyesha siku za kuhesabu ikaondoka. Mama Yustina alinipokea nimsaidie kazi za nyumbani, nipate pa kulala. Nyumba yake ilikuwa karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita, vikombe viligongana kabatini, na mume wake, Mzee Lukasi, aliyekuwa nyapara wa mafundi wa reli kabla ya kustaafu, aliinua kidole na kusema, "Behewa la tatu, gurudumu bovu."  Alisema hivyo kwa kila treni mwaka mzima, na mimi sikuwahi kusikia kwamba treni imeanguka.

Chumba changu kilikuwa stoo ya asali. Mzee Lukasi alikuwa ananunua asali kwa warina wa vichakani na kuiuza kwa watu wa treni. Mtu akisikia asali anafikiri utamu tu. Lala wewe na mapipa sita ya asali ya porini ambayo haijachujwa, masega humo humo, nyuki waliokufa humo humo, joto la bati linashuka mchana kutwa, uone kama utaita utamu. Ni harufu ya kitu kinachochacha. Inaingia kwenye nywele, inaingia kwenye kanga, ukijikuna shingo kidole kinanata. Na sikuruhusiwa kuonja. Kila pipa lilifungwa kamba yenye fundo ambalo Mama Yustina alilijua mwenyewe, na asubuhi alipita akiyakagua mafundo kama daktari anayepita wodini. Kwa hiyo nililala katikati ya asali, na tumbo langu lilikuwa na uji wa uwele wa asubuhi na mlenda wa jioni, basi.

Chumba kilichofuata, ukuta mmoja na mimi, ndicho kilikuwa cha malaika. Kilikuwa na meza fupi, kitambaa cheupe kilichofumwa, na picha ya Mikaeli amemkanyaga shetani, picha yenyewe imeliwa na mchwa upande wa shetani. Dirisha hakuna. Mlango una kufuli. Lakini kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, ziliishia kwenye boriti ya mtambaa panya, na juu palibaki pengo la kumtosha mtu mwembamba kupita kwa kulala. Mwaka ule sote tulikuwa wembamba.

Mama Yustina alikuwa na kundi lake, wanawake wengi na wanaume wawili, walioitana Wahudumu wa Malaika. Padre alikuja mara moja kwa mwezi, naye alijua tu kwamba wanasali pamoja. Siku za padre sahani haikuwekwa. Desturi ilikuwa hivi. Jumatatu, maana walisema ndiyo siku ya malaika, alichinjwa kuku. Saa sita mchana, kipande cha reli kilichoning'inizwa kanisani kama kengele kikigongwa, mji wote wa Wakristo unasimama kwa sala ya Malaika wa Bwana, mwenye jembe na jembe lake, mwenye ndoo na ndoo yake. Mpaka hapo ni vizuri, na mimi hadi leo nikiikumbuka ile kengele moyo unatulia. Sala ikiisha, chakula kinaingizwa chumbani: kuku mzima aliyechemshwa, ugali wa mtama mweupe, bakuli la asali. Mlango unafungwa, ufunguo unaingia kifuani kwa Mama Yustina, na saa kumi kundi linakuja kuufungua. Na chumvi isitiwe hata punje. "Chumvi ni ya nyama inayooza," alisema Mama Yustina. "Malaika haozi."

"Yustina," Mzee Lukasi aliuliza siku moja, amekaa mlangoni anakata kucha za miguu kwa wembe. "Malaika si ana mbawa?"

"Anazo."

"Na kuku ana mbawa."

"Mzee, usianze."

"Naanza nini, nauliza tu. Isije ikawa mnamwekea shangazi yake."

Mpishi wa malaika alikuwa Agnesi, mtoto wa kaka yake Mama Yustina, rika langu. Alichaguliwa kwa sababu walisema ana mikono safi. Mikono ilikuwa safi kweli, na moyo pia, nao ndio uliomponza. Tulikaa jikoni mimi na yeye, moshi machoni, tukisema watu. Alikuwa akiniachia ukoko wa uji kwenye sufuria, akiugeuzia upande wangu bila kusema. "We Paska," alikuwa akiniambia, "unakula kama mtu anayefukuzwa." Nami namwambia, "Na wewe unapika kama mtu anayeogopa moto," maana kuku wa malaika hakuruhusiwa kukaangwa, alichemshwa tu, maji yake ya kijivu, na ngozi yake imevimba kama vidole vya mtu aliyefua kutwa.

Miezi ya kwanza chakula kilikutwa vile vile. Saa kumi mlango unafunguliwa, joto linatoka na harufu, nzi wamejaa, mafuta yameganda juu ya mchuzi kama utando wa jicho bovu, sisimizi wamezama kwenye asali. Hapo ndipo msako unaanza. Nani kagombana na mumewe. Nani hajaungama. Agnesi anapigishwa magoti mbele ya wote aseme alikuwa anawaza nini wakati anapika. Akasema siku moja, kwa aibu, kwamba alikuwa anawaza viatu. Wakamsuta wiki nzima kwa hivyo viatu. Halafu kuku yule yule, mzima, katika mwaka wa njaa, anafukiwa kwenye jalala la majivu nyuma ya nyumba, na mbwa akifukua anapigwa mawe. Watoto wa jirani walikaa juu ya ukuta wakitazama kuku anavyozikwa. Sijawahi kuona msiba uliotazamwa kwa uchungu kama ule.

Basi nikapanda. Sitajitetea kwa maneno mengi. Nilikanyaga pipa, nikashika mtambaa panya, nikalala juu ya ukuta kama mjusi, nikashukia upande wa pili. Mara ya kwanza nilikula paja na kipande cha kifua, nikachovya kidole kwenye asali mara tatu. Nyama ilikuwa vuguvugu, inanuka manyoya yaliyolowa, haina ladha yoyote, ni kama kutafuna kidole chako mwenyewe. Nilikula kama mtu anavyokunywa dawa. Nikarudi juu ya ukuta, nikalala kwenye mkeka wangu, nikangoja kipigo.

Saa kumi mlango ukafunguliwa.  Halafu nikasikia magoti ya Mama Yustina yakigonga sakafu, na wimbo ukaanza, na kilio, na mzee mmoja anasema kwa sauti nyembamba, "Amekula. Amekula kama sisi." Nilikuwa nyuma ya ukuta na nyama bado iko katikati ya meno. Ningeweza kutoka siku hiyo. Ningechapwa, ningefukuzwa, yangeisha. Sikutoka. Jumatatu iliyofuata nikapanda tena.

Sasa nifike kwenye mifupa, na anayekula sasa hivi aweke chakula pembeni. Mwaka ule nilikuwa na jino bovu, gego la chini, limeoza hadi kwenye fizi, mdomo wangu ulinuka hata mimi mwenyewe nikageuka. Nilikuwa nafyonza uboho, naacha mifupa kwenye sahani. Mifupa ile haikufukiwa. Iligawiwa. Mwenye homa alipewa mfupa auweke chini ya mto. Mwenye mume mlevi alisaga wake akautia kwenye togwa. Na nilimwona kwa macho yangu mama mmoja kijana, mtoto wake anaota meno, akapewa mfupa wa paja nilioufyonza dakika chache kabla, akambusu mtoto, akamtia mfupa mdomoni, na mtoto akaunyonya kwa bidii akinitazama. Mate yangu yale. Usaha wangu. Mama wa mtoto akaniambia, "Na wewe ulivyo na bahati, unalala ukuta mmoja nao." Nikasema ndiyo dada. Nikaenda jikoni nikasukutua kwa majivu mpaka fizi zikatoa damu, kana kwamba mimi ndiye niliyelishwa.

Agnesi naye akawa anacheka, "Paska unanawiri. Huyo malaika wako anakupa nini?" Nikamwambia ni ukoko wako. Akafurahi, masikini.

Mwezi wa nane alikwenda kuokota kuni kichakani akakanyaga kisiki. Vichaka vya Itigi siyo msitu wa kutembea, ni miti midogo iliyosongamana kama nywele zisizochanwa, na chini kuna visiki vikavu vilivyochongoka kama mikuki. Kilipita kandambili kikaingia unyayoni. Tulikitoa kibanzi, tukafunga kitambaa. Mama Yustina akasema hakuna haja ya zahanati wakati tuna asali ambayo malaika ametia kidole. Na ni kweli, kidole kilikuwa kimetiwa, kilikuwa changu. Wakaupaka mguu asali ile kila siku. Mguu ukavimba, ukang'aa, ukawa na rangi ya bilinganya, na kile chumba chake kikaanza kuwa na harufu ambayo siwezi kuiandika vizuri: asali, na chini ya asali kitu kingine. Nilikuwa nikimpelekea uji nabana pumzi toka mlangoni. Yeye anasema, "Kaa kidogo tuongee." Nakaa, napumua kwa mdomo, namwambia nina mafua.

Mzee Lukasi ndiye aliyemwita dresa wa zahanati bila kumuuliza mkewe. Dresa alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye baiskeli. Alifungua kitambaa, akakifunga tena. Hakusema asali ni mbaya wala nzuri. Alisema, "Binti, treni ya leo jioni inakwenda Dodoma. Ukipanda leo, mguu huu wanaweza kuuokoa. Usipopanda, mimi siujui tena." Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya malaika wakuu, mwisho wa mwezi wa tisa. Chakula kilikuwa kimeshaingizwa chumbani. Agnesi alikuwa amekipika akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu kwenye gunia, kwa sababu alikataa mtu mwingine apike. Na mimi nilikuwa nimeshapanda ukuta; maneno hayo ya dresa nilisimuliwa baadaye.

Siku ile chakula kilikuwa tofauti. Nilipotia kipande cha kwanza mdomoni nilishtuka. Kilikuwa na chumvi. Siyo nyingi, ila ipo. Ninyi mnaokula chumvi kila siku hamwezi kujua. Nyama ikawa nyama. Machozi yalinitoka. Nikafikiri maskini Agnesi, homa imemchanganya, kasahau sheria. Nikala kwa mikono miwili, sikubakiza kama siku nyingine, nilikuwa nimeshamaliza nusu ya kuku ndipo nikasikia sauti barazani, upande wa pili wa mlango ule uliofungwa.

"Dresa, naomba ungoje hadi saa kumi," Agnesi alikuwa anasema. "Nimeomba alama."

"Alama gani tena?"

"Siwezi kuitaja, ikitajwa inaharibika. Mlango ukifunguliwa, kama chakula hakijaliwa, napanda baiskeli yako hapo hapo, unipeleke stesheni. Kikiliwa, sipandi."

"Agnesi," akasema Mzee Lukasi, na sauti yake haikuwa ya utani. "Panda treni, mwanangu. Malaika atakufuata. Yeye hakati tiketi."

"Ngojeni tu, mzee. Saa kumi siyo mbali."

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya picha ya Mikaeli na paja la kuku mkononi. Nilichowaza nakumbuka vizuri, na ndicho kinachonitia kinyaa kuliko mfupa wa yule mtoto. Sikuwaza mguu. Niliwaza wale akina mama wote waliolisha watoto wao mate yangu, watanifanya nini. Niliwaza nitalala wapi. Kisha nikawaza: nusu imeshaliwa, nusu nzima haiwezi kurudi mfupani, aliyekula nusu na aliyekula yote kosa ni moja. Nikamaliza. Mnasikia? Nilimaliza, kwa sababu kilikuwa kitamu.

Saa kumi wakafungua, na mimi nimesharudi kwangu na kuja kusimama nao. Agnesi alibebwa hadi mlangoni aone mwenyewe. Alipoona sahani alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu ampendaye, na uso wake ulikuwa mzuri hivi kwamba hata dresa alivua kofia. Halafu dresa akaivaa, akachukua baiskeli yake akaenda. Treni ilipita jioni, vikombe vikagongana. Mzee Lukasi hakusema lolote kuhusu gurudumu.

Baada ya wiki tatu alimbeba Agnesi yeye mwenyewe kwenye mkokoteni hadi stesheni, mkewe akimfuata nyuma akimlaani, naye anasukuma tu. Mguu ulikatwa. Mimi niliondoka Itigi kabla ya Krismasi, nikang'olewa lile jino Manyoni, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka. Hamna hata padre mmoja aliyeisikia habari hii kitubioni. Nilikuwa naungama wizi wa nyama. Nyama tu.

Sasa turudi huku. Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda Unyambwa kumsalimia Agnesi, maana alinisihi sana. Ilikuwa Jumatatu, sikufikiria. Chumba chake kimoja, safi, magodoro mawili, redio, na kwenye rafu ya ukutani, juu ya kitambaa cheupe, sahani iliyofunikwa. Harufu niliijua kabla sijakaa.

"Bado unaweka?" nikamuuliza.

"Kila Jumatatu."

"Na inaliwa?"

"Hapana. Haijawahi tena. Jioni nawapa kuku." Kuku kula kuku. Nikameza mate. "Nafikiri alikula ya kutosha siku ile," akasema, akacheka. "Paska, mguu ulikwenda, sawa. Lakini nilipewa alama yangu. Wangapi wanazeeka hawajapewa hata moja?"

Nilikuwa tayari kunyamaza. Nimenyamaza miaka yote hii, siku moja zaidi isingenishinda. Ila mtu akabisha hodi, mwanamke wa jirani, Mama Neema, mwenye mtoto mgongoni. Agnesi akaenda naye mlangoni kwa magongo yake, wakaongea chini kwa chini, na masikio yangu bado ni ya stoo ya asali. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Wamemwandikia karatasi aende hospitali. Anaogopa kisu. Na nikamsikia Agnesi, kwa upole ule ule wa jikoni, akimwambia, "Usiwe na haraka ya kukatwa. Omba alama. Weka sahani Jumatatu ijayo, ungoje. Mimi nilimwona akila."

Aliporudi kukaa nikamwambia. Nilimwambia yote, ukuta, pipa, mifupa, jino. Nilisema vibaya, nikirudia rudia, kama mtu anayetapika ambaye anafikiri kimeisha kumbe kipo kingine. Alinisikiliza ameshika magongo yake mapajani. Halafu akatabasamu, tabasamu la kumhurumia mgonjwa.

"Paska, tumezeeka. Msiba umekusumbua."

"Nilikula mimi, Agnesi."

"Labda siku nyingine ulikula. Njaa ilikuwapo, sikatai, hata ukoko nilikuwa nakuachia. Lakini siku ile hapana. Siku ile najua nani alikula."

"Malaika hana njaa. Mimi nilikuwa na njaa."

"Usinichukulie hiki," akasema. Hakusema kwa hasira. "Mengine nimeshachukuliwa."

Ningekuwa mtu mwema ningekoma hapo, au labda ningekuwa mtu mwema zaidi nisingekoma, sijui, mimi darasa langu ni la tatu. Mlango ulikuwa wazi na namwona Mama Neema anavuka uwanja wake, mtoto amelala mgongoni. Nikasema, "Siku ile ulitia chumvi."

 Redio ilikuwa inasoma bei za alizeti.

"Siku nyingine zote haikuwapo," nikasema. "Siku ile ilikuwapo. Nilifikiri homa imekusahaulisha."

 Kisha akauliza, haniangalii, "Nyingi?"

"Kidogo. Kama ya vidole viwili."

Akavitazama vidole vyake viwili, kidole gumba na cha shahada, akavisugua pamoja kama bado kuna kitu kimegandia. "Sikumwambia mtu," akasema. "Hata shangazi. Nilimwambia yeye tu. Nilimwambia, kama ni wewe kweli na unanipenda, kula hata kilicho na chumvi." Akavisugua tena. "Nilimwonea huruma, miezi yote ile kula kitu kisicho na ladha."

Alisimama kwa magongo. Nilifikiri ananifukuza, nikashika mkoba. Akaenda kwenye rafu, akachukua sahani kwa mkono mmoja huku amejiegemeza ukutani, akaileta, akaniwekea mapajani. Akaondoa kawa. Kuku wa kijivu, ngozi imevimba, mafuta yameganda.

"Maliza," akasema.

Nikamwambia, Agnesi, mimi siwezi hiki, hata msibani nilitapika.

"Maliza."

Nilikula. Hakupandisha sauti ya redio wala hakuizima, alinitazama tu, kutoka shingo ya yule kuku hadi mguu wake, mpaka mfupa wa mwisho, na kila kilichotaka kupanda nilikirudisha chini. Nilipoweka mfupa wa mwisho akaenda mlangoni akaita ng'ambo ya uwanja, "Mama Neema. We Mama Neema. Kesho asubuhi nenda hospitali na hiyo karatasi. Usingoje Jumatatu."

"Mbona umesema—"

"Nimesema nenda. Nitakusindikiza."

Halafu akatafuta mfuko kwenye msumari nyuma ya mlango, akanirushia mapajani bila kunitazama.

"Na hiyo mifupa," akasema, "leo ondoka nayo mwenyewe."

Nikaikusanya mmoja mmoja, nikaufunga mfuko, nikaubeba hadi barabarani.